Admin ni nani? Kisa cha TACACS, RADIUS na vyeo

Leo niwape historia kidogo, lakini kwanza kisa changu.

Kuna ofisi niliyofanyia kazi zamani, jina sitaji. Ruta na swichi zote zilikuwa na akaunti moja, "admin", na neno la siri moja. Wote tulilijua, hata walioacha kazi. Usiku mmoja mipangilio ya ruta kuu ikafutwa. Asubuhi bosi akauliza ni nani. Kumbukumbu za mashine zikajibu: admin. Yaani sisi sote! Aliyekuwa zamu akafutwa kazi, na mpaka leo sijui kama kweli ni yeye.

Msidhani tatizo hili ni geni. Miaka ya 1980, ARPANET na MILNET, mtandao wa kijeshi uliotengwa nao mwaka 1983, ilikuwa na mashine zilizoitwa TAC. Ulizipigia simu kwa modemu, zikakuunganisha. Shida ni kwamba namba ya simu haina siri. Ndipo kampuni ya BBN ikaunda TACACS: TAC haiamui yenyewe, inauliza mashine nyingine iliyo na orodha ya watu. RFC 927 ya Desemba 1984 ikaongeza jambo ambalo leo tunaliona kama uvumbuzi mpya, kwamba ukishatambuliwa na TAC, kompyuta unayoiendea isikuulize tena.

RADIUS ilikuja mwaka 1991, kutokana na mahitaji ya Merit Network huko Michigan, Marekani. Iliyoitengeneza ni kampuni ya Livingston. Ikawa RFC mwaka 1997, kisha toleo linalojulikana zaidi, RFC 2865, likatoka Juni 2000. Wale mnaokumbuka ule mlio wa modemu, hiyo ndiyo kazi RADIUS iliyoundiwa: mteja anapiga simu, seva inasema aingie au asiingie, na haki zake zinakuja ndani ya jibu hilohilo. Kwa mteja inatosha. Kwa fundi wa mtandao haitoshi, maana akishaingia hakuna anayemuuliza tena.

Cisco walilitazama hilo kwa jicho lingine. TACACS+ yao ya miaka ya 1990 (jina tu limefanana, haielewani na ile ya zamani) ilitenganisha maswali matatu: wewe ni nani, unaruhusiwa nini, umefanya nini. Ruta inaweza kuuliza seva kabla ya kila amri, na kila amri ikaandikwa kwa jina la mtu. Laiti tungekuwa nayo usiku ule! Lakini usiri wake ni dhaifu. RFC 8907 ya mwaka 2020 yenyewe inakiri hivyo. RADIUS nayo iliaibishwa Julai 2024 na shambulio la Blast-RADIUS, kwa kuendelea kuegemea MD5.

Kipande cha mwisho ni vyeo. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn wa NIST walipendekeza kwamba haki zipewe cheo, si mtu, halafu mtu apewe cheo. Akihamishwa idara, unabadilisha mstari mmoja. Ruta za Cisco zina ngazi 0 hadi 15, lakini usipozipanga mwenyewe, 1 ni kutazama, 15 ni kila kitu, na katikati ni patupu. Ndiyo maana wengi humpa kila mtu 15 wakaenda zao nyumbani.

Mimi huanza na vyeo vitatu: anayetazama, anayebadilisha milango ya swichi, na anayegusa ruta kuu. Seva ziwe mbili, kwa sababu ikifa moja tu mnafungiwa nje nyote. Na kila kifaa kibaki na akaunti moja ya dharura, neno lake la siri ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye sefu. Anayeifungua anaweka sahihi.