Umeme wa Kubeba: Historia ya Betri, Redio na Gari

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Sogeeni karibu na redio. Aliye na daftari na alifungue. Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kitu kidogo kilichomo ndani ya redio nyingi za vijijini. Kitu hicho ni betri.

Kwanza tutaje sababu ya somo. Njia itokayo Mbinga kwenda Songea hupita karibu na Peramiho. Tangu mwaka 2011 makaa ya mawe yamekuwa yakichimbwa Ngaka, wilaya ya Mbinga, na malori ya makaa huifuata njia hiyo. Dereva na utingo wake hula njiani na kulala ndani ya gari. Siku nyingi za mwezi gari ndilo nyumba yao, na nyumba hiyo haina nguzo ya umeme mlangoni. Hata hivyo usiku taa yao inawaka, simu yao inalia na redio yao inatoa habari. Je, umeme huo unatoka wapi? Na kwa nini asubuhi nyingine injini inakataa kuwaka, mpaka waazime nguvu ya betri ya gari jingine? Ili tujibu vizuri, turudi nyuma miaka zaidi ya 200.

MWANZO WA BETRI

Mwaka 1800 mtaalamu wa Italia, Alessandro Volta, alitangaza kazi yake. Alipanga visahani vya madini ya namna mbili, kama zinki na shaba, kimoja juu ya kingine. Katikati yake alitia vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Kutoka rundo lile umeme ulitiririka bila kukoma upesi. Hiyo ndiyo betri ya kwanza.

Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitia sahani za risasi ndani ya tindikali. Betri yake ilikuwa na jambo jipya: ikiisha nguvu, hujazwa tena. Betri za kuwashia magari mpaka leo ni wajukuu wa betri ile. Mwaka 1886 Mjerumani Carl Gassner alipata hati ya betri kavu, isiyomwagika maji. Hiyo ndiyo mama wa betri za tochi.

Basi shikeni haya mawili. Kuna betri ya kutupa, na kuna betri ya kujaza. Ya kutupa ni kama gunia la unga lililonunuliwa dukani: likiisha, limeisha. Ya kujaza ni kama kihenge: unaweka, unatoa, unaweka tena.

REDIO INAINGIA KIJIJINI

Wamisionari Wabenediktini walipofika Peramiho mwaka 1898, hapakuwa na kituo cha redio cha kuwatangazia watu popote duniani. Tanganyika ilingoja hata mwaka 1951, ndipo Sauti ya Dar es Salaam ikaanza. Lakini mtu wa kijijini angesikilizaje, naye hana umeme wa waya?

Jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, nchi iitwayo Zambia leo, walikuwa wamekwisha kupata jibu. Mwaka 1949 ilianza kuuzwa huko redio ya betri kwa watu wa kawaida. Umbo lake lilikuwa la mviringo, watu wakaiita redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri ilinunuliwa mbali. Betri ile ilidumu kwa saa 300 hivi. Chukueni kalamu. Mtu akisikiliza saa 3 kila siku, gawanyeni 300 kwa 3. Mnapata siku 100. Baada ya hapo ni kununua nyingine, au redio inyamaze.

Kwa nini redio zile zilikula sana? Ndani yake mlikuwa na valvu, yaani vichupa vya kioo. Valvu haifanyi kazi mpaka ipate moto. Sehemu kubwa ya betri ilikwenda katika kupasha moto tu, kama mtu anayechoma mzigo mzima wa kuni ili achemshe kikombe kimoja cha chai.

Mwaka 1947 wataalamu wa Marekani waligundua transista. Hii hufanya kazi ya valvu bila kupashwa moto. Mwaka 1954 redio ndogo za transista zilianza kuuzwa Marekani, na baadaye zikaenea hata Afrika. Angalieni jambo hili kwa makini. Betri haikuwa imekua sana, bali redio ilikuwa imepunguza ulaji. Ndiyo maana betri chache za tochi ziliweza kuendesha redio kwa majuma mengi.

MASOMO YALIYOTEGEMEA BETRI

Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani iliunda kampuni yake Dar es Salaam, na betri zenye jina National zikatengenezwa hapa nchini. Betri hizo zilikuja kwa wakati wake, kwa maana muda si mrefu redio ikawa darasa. Mwaka 1970 kulikuwa na masomo ya redio ya Uchaguzi ni Wako, na mwaka 1971 Wakati wa Furaha. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni 2 walishiriki. Walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakazungumza, kisha wakachimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai.

Fikirini kikundi kijijini, watu wameacha kazi zao wakakusanyika, na betri inaisha katikati ya somo. Somo lile halirudi. Betri ilikuwa sehemu ya elimu, kama chaki na ubao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa nyingi ziliadimika madukani, na betri zikawa za kutafutwa. Wazee wengi wanakumbuka jinsi betri zilivyoanikwa juani, au kubanwa kwa meno, ili zisemeshe redio siku moja zaidi. Haukuwa uchawi. Joto huharakisha kazi ya dawa zilizomo ndani, na nguvu kidogo iliyobaki hutoka. Lakini jua halikuijaza betri ile. Liliikamua tu.

WAYA UNAFIKA, GARI LINAONDOKA

Umeme wa waya nao ulikuja. Mwaka 2015 Masista Wabenediktini wa Chipole walianza kuzalisha umeme wa maji huko Tulila, katika mto Ruvuma, kiasi cha megawati 5. Mwaka 2018 gridi ya taifa ilifika Songea kwa njia ya waya kutoka Makambako. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini waya hauwezi kulifuata gari. Mwenye kuishi ndani ya gari, awe dereva wa lori au mtalii mwenye kitanda ndani ya gari lake, anarudi katika hesabu ile ile ya redio ya sufuria.

Betri ya gari ni kihenge cha Planté. Injini ikizunguka, altaneta inaijaza. Injini ikizimwa, kila kifaa kinachota bila kurudisha. Mtu akiwasha taa na redio usiku kucha, asubuhi hakuna nguvu ya kuamsha injini. Kwa sababu hiyo wenye kuishi garini hufunga betri mbili zilizotengwa: moja ya injini, isiyoguswa, na moja ya nyumba. Ni kama mkulima anayetenga mbegu na chakula.

Jua nalo limepata kazi yake ya kweli. Mwaka 1954 wataalamu wa Marekani walionyesha kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Leo sahani za sola zinaonekana juu ya nyumba nyingi za mkoa wa Ruvuma, na hufungwa hata juu ya magari.

Sasa tufanye hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wati mara saa ni wati-saa.

Taa ya wati 5 kwa saa 4: wati-saa 20.
Redio ya wati 2 kwa saa 5: wati-saa 10.
Simu mbili, kila moja kama 20: wati-saa 40.
Jumla kwa siku: wati-saa 70.

Betri ya volti 12 yenye amp-saa 100 ina wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi ikikaushwa kila mara hufa mapema, basi tuchukue nusu, yaani 600. Gawanyeni 600 kwa 70. Ni siku 8 na zaidi. Lakini ukifunga jiko la umeme la wati 1,000, zile wati-saa 70 za siku nzima zinaliwa kwa dakika 4 tu na kidogo! Mnaona? Shida si udogo wa kihenge peke yake. Tumtazame mlaji pia.

Zamani balbu ya wati 40 kwa saa 4 ilikula wati-saa 160. Miaka ya 1990 wataalamu wa Japani walifanikiwa kutengeneza taa ndogo za LED za buluu, na kutoka hizo zikapatikana taa nyeupe. Kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Sasa wati 5 zinatoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya wati 40. Ni habari ile ile ya valvu na transista.

ANGALIENI HATARI

Malori mengi yana volti 24. Kifaa cha volti 12 kisifungwe humo, kitaungua. Waya wa betri uwe na fyuzi karibu na betri. Betri ya risasi ikijazwa hutoa gesi iwezayo kulipuka, basi pawe na hewa. Jenereta ya petroli isiwashwe kamwe ndani ya gari wanamolala watu, kwani moshi wake una sumu isiyo na harufu. Wala msipasue betri kuukuu nyumbani: risasi hudhuru akili za watoto.

Ndugu wasikilizaji, historia hii inatufundisha neno moja. Umeme mdogo humfaa mtu anayejua kiasi alichoweka na kiasi anachotoa. Ndiyo maana mnajifunza kusoma na kuhesabu.

MASWALI

1. Betri ya kutupa na ya kujaza zinatofautianaje?
2. Kwa nini redio ya transista ilikula kidogo kuliko redio ya valvu?
3. Andika vifaa vyako vya umeme. Vinakula wati-saa ngapi kwa siku?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.