Kiwambo cha sauti

Kile chombo kinachofungwa mdomoni mwa bunduki, magazeti yetu hukiita “kiwambo cha kuzuia sauti”. Kiwambo sina ugomvi nacho, kimetoka katika kuwamba ngozi juu ya ngoma. Ugomvi wangu ni na “kuzuia”. Bunduki ya kuwindia hulia kwa takriban desibeli 160, na chombo hiki hupunguza kama 20 au 30 tu: gesi za moto hunaswa katika vyumba vyake vidogo, zikapoa kabla ya kutoka. Risasi yenye kasi kuishinda sauti bado hupasua hewa kwa kishindo. Jina hili la kutia chumvi tumelitafsiri kutoka “silencer” ya Kiingereza, lililoanzia Marekani kwa Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza mwaka 1909, mwana wa yule wa bombomu ya Maxim. Wawindaji wa Uskoti hukitumia kuokoa masikio. Fundi mkereza huwafupishia mtutu, bunduki isije ikawa ndefu mno, kisha hukata hesi, yaani mifereji kama ya skrubu, mdomoni pa kufungia chombo. (Hesi! Neno safi, na mafundi wetu wanaliacha lipotee.) Mimi naandika “kipunguza mlio”, maana bunduki hulia, na huyo mwindaji bado anasikika ng’ambo ya bonde.