Matope Meusi ya Gazi

Harufu ya yai viza unayoisikia hapa si ya taka. Inatoka topeni, chini ya daraja hili la mbao, na wanaoitengeneza ni bakteria wasiohitaji hewa.

Tazama tundu la kaa: kingo zake ni za kahawia, maana oksijeni imefika. Chimba kidogo pembeni, tope ni jeusi ti. Humo bakteria hula mabaki ya majani na mizizi. Badala ya oksijeni hutumia salfeti iletwayo na maji ya bahari kila yanapojaa. Lita moja ya maji hayo ina takribani gramu 2.7 za salfeti. Hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ndiyo harufu yenyewe. Gesi ikikutana na chuma kilichomo topeni, rangi hugeuka nyeusi. Bonge la tope likiachwa hewani hurudi kahawia.

Mholanzi Martinus Beijerinck ndiye wa kwanza kuwatenga bakteria hawa maabarani, mwaka 1895. Wao wenyewe wapo duniani kwa zaidi ya miaka bilioni 2.

Haidrojeni salfaidi ni sumu kwa mizizi, na topeni hamna oksijeni. Ndiyo maana mkoko uitwao mchu husimamisha vijiti kama penseli juu ya tope: ndizo pua zake.

Pasipo oksijeni mabaki huoza polepole mno, hivyo kaboni hubaki chini kwa karne nyingi. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni huuza hifadhi ya kaboni ya mikoko hii kupitia mradi wa Mikoko Pamoja.

Tafadhali usishuke darajani.