Simba, Masista na Wapishi Katika Safu Moja

Mwaka 1486, katika mji wa St Albans, kaskazini mwa London, mpiga chapa mmoja tunayemjua kwa ualimu wake tu, maana jina lake halikuhifadhiwa, alitoa kitabu cha waungwana. Kilihusu kuwinda kwa vipanga, kuwinda kwa mbwa, na nembo za koo. Ndani yake mna orodha ya maneno zaidi ya 160 ya kutajia makundi. Inaanza na ayala, mnyama aliyepewa heshima kubwa mawindoni, na neno lake ni "herd". Neno hilohilo linashuka kwa mabata maji, kwa korongo, kwa vindege wadogo wa vichakani, mpaka linawafikia wahuni. Hatua chache mbele wanakuja mabibi wa heshima, nao wanagawana neno moja, "bevy", na paa na tombo. Hakuna mstari unaotenganisha watu na wanyama. Wote wamo katika safu moja.

Wengi waliosoma Kiingereza shuleni Afrika Mashariki wanaifahamu orodha hii kwa sura nyingine. Kitabu cha Angus Maciver, First Aid in English, kilichotolewa Glasgow mwaka 1938 na kutumika katika madarasa mengi ya makoloni ya Uingereza na baada ya uhuru, kina sehemu yake ya majina ya makundi. Mwanafunzi aliyakariri, akajaza nafasi zilizoachwa wazi, akapata alama au akakosa. Yalikotoka maneno yenyewe hakuambiwa. Naona hapo aliporwa kitu, kwa sababu orodha hii ni picha ya jamii, tena picha kali.

Msingi wake ni mawindo. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, misitu mingi iliwekwa chini ya sheria za mfalme, na kumwinda ayala humo bila ruhusa likawa kosa. Lugha ya mawindo nayo ikawa ya wakubwa, imejaa Kifaransa. Haikutosha kujua kutupa mshale; ilipasa kujua kutaja. Kitabu cha St Albans kinamsemesha msomaji kama mzazi anavyomsemesha mwanawe, kwa mashairi ili yakae kichwani: nguruwe mwitu 12 ni "sounder" ndogo, 16 ni ya wastani, 20 ni kubwa. Ayala dume alibadilishwa jina kila mwaka wa umri wake mpaka alipotimiza miaka 6. Hadithi za Mfalme Arthur alizoziandika Thomas Malory, zilizopigwa chapa mwaka 1485, zinamsifu shujaa wao Tristram kuwa ndiye aliyewapa waungwana istilahi hizo, na zinasema kwamba kwa istilahi hizo muungwana hutambulika mbele ya mtu wa kawaida. Kukosea neno mbele ya wenzako kulikuwa kujianika.

Mpiga chapa Wynkyn de Worde alipokitoa upya kitabu cha St Albans mwaka 1496, aliongeza risala ya kuvua samaki kwa ndoana. Risala yenyewe inaeleza wazi kwa nini imefungwa ndani ya kitabu kikubwa: ingetolewa peke yake kama kijitabu cha bei ndogo, ingeangukia mikononi mwa watu wavivu wasio na hadhi. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo wa maarifa kuwekewa ukuta wa bei.

Lakini ndani ya ukuta huo watu walicheka, na hapa ndipo orodha inaponinasa. Masista wanaitwa "ziada". Wapishi ni "haraka", washona viatu ni "ulevi", wake za watu ni "kutovumilia". Wauza pombe ni "ahadi": mteja anaita, naye anajibu kwamba anakuja, na haji. Waliozunguka wakiuza hati za msamaha wa dhambi wanaitwa kwa neno moja tu, "uongo". Hayo yalichapwa miaka 31 kabla Martin Luther hajatoa hoja zake mwaka 1517 dhidi ya biashara hiyohiyo, tena katika mji uliojengeka kuizunguka abasia kubwa. Kwa muda mrefu sehemu ya kitabu ilinasibishwa na Juliana Berners, anayesemekana alikuwa mkuu wa watawa wa Sopwell, jirani na hapo. Ushahidi wa cheo chake ni hafifu. Hata hivyo jina lake, limeandikwa Dame Julyans Barnes, limo mwishoni mwa sehemu ya mawindo.

Mwaka 1909 John Hodgkin aliichambua orodha hii neno kwa neno, akaonyesha kwamba mengi hayakuwa majina ya makundi hata kidogo. Yalikuwa maneno ya kutajia kitendo au sifa inayomhusu kiumbe fulani. Majaji hutoa "hukumu". Hilo si jina la majaji kumi wakikaa pamoja. Kwezi hufanya mnong'ono wa mabawa na sauti, na mnong'ono huo ndio ulioandikwa. Kichwa cha orodha kilitaja makundi, na vizazi vilivyofuata vikakifuata kichwa. Nakubaliana na Hodgkin, hasa kwa upande wa watu: "ahadi" ya wauza pombe ina maana kamili hata kama muuzaji ni mmoja.

Mengi yalikufa. Machache yalinusurika, na mengine yakaongezwa baadaye yakavikwa uzee yasiyokuwa nao. "Bunge" la bundi, ambalo watu hulitaja kama urithi wa kale, halimo katika orodha ya 1486. C. S. Lewis alilifanya kichwa cha sura katika riwaya yake ya mwaka 1953, akichezea jina la shairi la Geoffrey Chaucer kuhusu bunge la ndege. Mwaka 1968 Mmarekani James Lipton alitoa kitabu kizima cha maneno haya, akayachanganya ya zamani na ya kubuniwa, na mchezo ukaanza upya.

Safari ya "pride", neno la simba katika orodha hiyo, ndiyo ndefu kuliko zote. Maana yake ni majivuno, dhambi ambayo Ulaya ya kale iliihusisha na simba. Mwingereza wa karne ya 15 aliyetaka kumwona mnyama huyo akiwa hai alimkuta katika vizimba vya mfalme kwenye Mnara wa London, mbali na maisha yake ya kundi. Mtafiti George Schaller alipowachunguza simba wa Serengeti kuanzia mwaka 1966, neno hilo lilikuwa limeshaacha mzaha wake. Katika kitabu chake cha mwaka 1972 ni istilahi ya sayansi: majike wenye undugu, watoto wao, na madume wanaokuja na kuondoka, wote wakishiriki eneo moja, hata siku ambazo wametawanyika na hakuna anayewaona pamoja.