Tulipiga kelele "fungua seva" bila kujua tunaitisha nini

Agosti 2017 hapa Kisii kila mtu aligeuka mtaalamu wa seva. Kwa kinyozi, stejini, ndani ya matatu za Keroka, ni "fungua seva" tu, na wengine wakijibu "kubali yaishe". Mimi nilikuwa bado shule. Nilipiga hiyo kelele pia, na sikujua seva ina nini ndani.

Sasa najua, wacha niwaambie. Mfumo mkubwa hautegemei mashine moja. Seva kadhaa huunganishwa zifanye kazi kama moja, ikizima hii ile inashika. Kila moja huandika logi yake: nani ameingia, saa ngapi, amegusa nini. Usipozikusanya mahali pamoja, ama saa za mashine zisipolingana, hadithi inakatika katikati.

Mama yangu akipimiwa majani chai kituoni hupewa risiti. Kilo zikipungua mwisho wa mwezi, anatoa karatasi zake. Logi ni hiyo risiti, ila inaandikwa na mashine.

Ndiyo maana kesi ya Raila ilifika huko. IEBC ilikuwa imemtangaza Uhuru Kenyatta mshindi kwa asilimia 54.27. Tarehe 28 Agosti, Mahakama ya Juu iliagiza tume ifungue seva na logi zake zikaguliwe, kusoma tu, bila kubadilisha kitu. Tume haikutii kikamilifu. Tarehe 1 Septemba mahakama ikafuta uchaguzi wa rais, majaji wanne kwa wawili, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, mtoto wa Nyamira.

Watu wengi hukosea hapa. Mahakama haikusema imeona kwenye logi kura zikiibwa. Kulikuwa na makosa mengine, fomu zikiwemo. Lakini kuhusu seva, majaji wengi walisema hivi: umekataa kuonyesha, basi tuna haki ya kuamini ulichoficha kinakuumiza.

Mwaka 2022 picha za fomu 34A ziliwekwa mtandaoni, tukajumlisha wenyewe na kalkuleta. Ilisaidia sana. Lakini fomu inakuonyesha hesabu tu. Aliyegusa mfumo usiku wa manane utampata kwenye logi.

Kwa hivyo wewe kijana unayetengenezea sacco ama kanisa mfumo, weka logi, na nakala yake ikae mahali ambapo wewe mwenyewe huwezi kuifuta. Siku ukishukiwa, hiyo ndiyo itakutetea.