Je, Nchi Iandikishe Wageni Jeshini? Mafundisho ya Kanisa na Uzoefu Wetu

Jeshi si jambo la mbali kwa waamini wa Mara. Kambi ya Makoko iko Musoma, kikosi cha JKT cha Rwamkoma kiko Butiama, na katika familia nyingi za Musoma, Bunda na Butiama yupo babu, mjomba au kaka aliyevaa sare. Vijana wanaoomba kujiunga ni wengi kuliko nafasi zilizopo. Wanaokosa husikia kwamba yapo mataifa yanayoandikisha hata wasio raia, na wazazi huwauliza mapadre kama jambo hilo ni halali mbele ya Mungu. Makala haya yanajibu maswali mawili. Je, nchi ina haki ya kuandikisha wageni jeshini? Na kijana Mkatoliki aupime vipi mwaliko wa jeshi la nchi nyingine?

Askari wa kigeni na mamluki

Si kila mgeni aliye jeshini ni mamluki. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa katika Mikataba ya Geneva, humweleza mamluki kuwa mtu anayeingia vitani hasa kwa tamaa ya malipo, asiye raia wala mkazi wa nchi inayopigana, na asiye askari wa jeshi lake. Mwaka huo huo Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wa kukomesha umamluki barani. Kwa hiyo, mgeni aliyekula kiapo katika jeshi halali la dola, akiwa na cheo, nidhamu na haki za askari, kisheria ni askari wa dola hiyo.

Desturi za mataifa

Marekani huwapokea jeshini wageni wenye ukazi wa kudumu, na utumishi huo huwafungulia njia ya uraia. Uingereza huandikisha raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, Wakenya wakiwemo, na tangu mwaka 1815 imekuwa na Wagurkha kutoka Nepal. Ufaransa ina Légion étrangère, iliyoanzishwa mwaka 1831, ambayo askari wake anaweza kuomba uraia baada ya miaka 3 ya utumishi.

Kanisa lenyewe lina mfano. Kikosi cha Walinzi wa Kiswisi kinamlinda Baba Mtakatifu tangu tarehe 22 Januari 1506. Tarehe 6 Mei 1527, Roma ilipotekwa, walinzi 147 kati ya 189 walikufa wakimlinda Papa Klementi VII. Hawakuzaliwa Roma, lakini hakuna awezaye kusema kwamba walikuwa watu wa kukodiwa tu.

Historia yetu

Chini ya ukoloni, vijana wa Mara waliingia King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia askari wa jeshi hilo walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma, kwa ajili ya dola iliyowalipa chini ya askari Waingereza na ambayo haikuwapa sauti yoyote katika uamuzi wa vita.

Baada ya uhuru jeshi letu, Tanganyika Rifles, liliendelea kuongozwa na maofisa Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa hao. Mwalimu Nyerere alilazimika kuiomba Uingereza izime maasi, kisha akalivunja jeshi lile. Kwa miezi kadhaa askari wa Nigeria walisaidia ulinzi, hadi JWTZ lilipoundwa tarehe 1 Septemba 1964. Jina Jeshi la Wananchi lilichaguliwa kwa maana yake. Ibara ya 28 ya Katiba nayo inaukabidhi wajibu wa kulinda taifa kwa kila raia.

Jirani zetu wa Uganda waliona hatari ya upande wa pili. Idi Amin aliandikisha watu wengi kutoka Sudan na Zaire, na utii wao ulikuwa kwake kuliko kwa Waganda. Mtawala mwenye jeshi la namna hiyo hana haja ya kuwasikiliza wananchi wake.

Kanisa linafundisha nini

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inahesabu ulinzi wa nchi miongoni mwa wajibu wa raia (2240). Mara baada ya hapo inazitaka nchi zenye uwezo zimpokee mgeni anayetafuta usalama na riziki, na kumtaka mgeni naye ashiriki kubeba mizigo ya nchi iliyompokea (2241). Inawaheshimu askari wanaotimiza wajibu wao kwa uadilifu kuwa watumishi wa usalama na uhuru wa mataifa (2310), kama ulivyofundisha Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika Gaudium et Spes, namba 79. Lakini inaweka masharti makali ya vita ya haki (2309), na inakumbusha kwamba amri ya mkubwa haihalalishi uovu (2313).

Kutokana na mafundisho hayo, nchi yaweza kumwandikisha mgeni ambaye tayari ni jirani ndani yake, anayejitolea kwa hiari, na anayepewa mshahara, matunzo, pensheni na njia ya uraia sawa na wenzake. Haina haki ya kununua umaskini wa watu wa mbali ili raia wake wasihisi gharama ya vita. Mgeni akifa, mama yake hapigi kura katika nchi iliyompeleka vitani. Hapo ndipo ulipo uzito wa suala hili: vita ambavyo wenye nchi hawafiwi huanza kwa urahisi na huchelewa kwisha. Kwa Tanzania, kulibakiza jeshi mikononi mwa raia ni busara iliyotokana na somo la mwaka 1964.

Kwa vijana na wazazi

Mwezi Januari 2023 Serikali yetu ilithibitisha kifo cha kijana Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma. Akiwa gerezani huko aliahidiwa malipo na msamaha iwapo angejiunga na kundi la Wagner, naye akafa Ukraine mwezi Oktoba 2022. Serikali ilikumbusha kwamba sheria zetu hazimruhusu Mtanzania kutumikia jeshi la nchi nyingine. Mwezi Novemba 2025 Serikali ya Kenya ilieleza kwamba Wakenya zaidi ya 200 walikuwa wameingizwa katika vita hivyo upande wa Urusi. Miongoni mwa waliorudi wapo walioeleza kwamba waliahidiwa kazi za kawaida.

Basi, kijana akiletewa mwaliko wa safari, ajiulize: Mkataba umeandikwa kwa lugha ninayoisoma? Kazi yenyewe ni ipi, na naweza kuiacha? Nikiumia nani atanitibu, nikifa nani atanirudisha nyumbani? Je, vita hivi ni vya haki? Akumbuke pia kwamba Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine hupoteza uraia wake. Wakala wa ajira athibitishwe kwanza TaESA na Wizara ya Mambo ya Nje, kabla pasipoti haijatoka mkononi.

Viongozi wa VIWAWA na wa Jumuiya Ndogo Ndogo wayazungumze haya waziwazi na vijana, wala wasimcheke anayekata tamaa. Kijana aliyekosa nafasi jeshini hajakosa thamani. Akikosa wa kumsikiliza kwenye jumuiya yake, atamsikiliza wakala.