Mimbari na Debe la Kura

Ni mara chache makanisa ya Kenya yamesimama upande mmoja katika jambo la siasa kama yalivyosimama mwaka 2010. Maaskofu wa Kikatoliki chini ya Kadinali John Njue, Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK) ambalo katibu wake mkuu alikuwa Kasisi Peter Karanja, na makanisa mengi ya kiinjilisti ambayo kwa kawaida hayaketi meza moja na Wakatoliki, wote waliwaambia waumini waikatae katiba iliyopendekezwa. Walitaja hasa mambo mawili: kifungu cha 26 kinachogusa uavyaji mimba, na mahakama za Kadhi. Sensa ya 2009 ilionyesha kwamba zaidi ya Wakenya wanane katika kila kumi ni Wakristo. Kwa hesabu hiyo, mtu angeweza kumtangaza mshindi kabla ya siku ya kura, tarehe 4 Agosti. Masanduku yalipofunguliwa, upande wa Ndiyo ulipata zaidi ya kura milioni 6, na upande wa La ukaambulia milioni 2.8 hivi. Tangu hapo wachambuzi wengi wamesema kwamba dini haina uzito katika kura ya Mkenya. Mimi naona wanaitafuta nguvu yake mahali pasipo pake. Msimamo wa kiongozi juu ya mimba au juu ya Kadhi haumhamishi mpiga kura kutoka kambi ya mkubwa wa kwao. Lakini unamtisha mwanasiasa kiasi cha kuibadilisha sheria yenyewe, tena kabla karatasi za kura hazijachapishwa.

Tuanze na kifungu chenyewe, maana wengi waliokitetea na waliokilaani hawakukisoma. Rasimu iliyotolewa Novemba 2009 na Kamati ya Wataalamu, chini ya wakili Nzamba Kitonga, ilisema kwa ufupi kwamba kila mtu ana haki ya kuishi. Viongozi wa makanisa hawakuridhika. Walitaka katiba itamke uhai unaanza lini. Januari 2010, kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Abdikadir Mohamed ilijifungia Naivasha, na wabunge walipotoka huko maneno yalikuwa yameingia: uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, na uavyaji mimba hauruhusiwi. Wataalamu walipoirudia rasimu, waliacha mlango mwembamba. Mimba yaweza kutolewa ikiwa, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au ikiwa sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Neno moja, afya, ndilo lililowasha moto. Maaskofu walisema litatanuliwa hadi limeze katazo zima, kwa kuwa afya ni pamoja na afya ya akili. Bunge likajaribu kufanya marekebisho zaidi ya mia moja, hakuna hata moja lililopata kura za kutosha, na tarehe 1 Aprili rasimu ikapita kama ilivyokuwa. Ukiyaweka haya kwa mfuatano, utaona jambo linalosahauliwa mara nyingi: kanisa lilishindwa Agosti, lakini lilikuwa limekwisha kushinda Januari. Katiba ya uhuru haikusema lolote kuhusu mimba kutungwa. Hii iliyodaiwa kuwa ya waavya mimba ndiyo iliyoandika, kwa mara ya kwanza, kwamba uhai huanza hapo.

Suala la Kadhi lina mizizi mirefu zaidi, na ni la Mwambao kabla ya kuwa la Kenya. Mkataba wa Desemba 1895 kati ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar uliuacha ukanda wa maili kumi wa pwani chini ya mamlaka ya Sultani kwa jina, huku Waingereza wakiutawala kwa niaba yake. Maliwali, mamudiri na makadhi wakabaki kazini, na bendera ya Sultani ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa. Uhuru ulipokaribia, baadhi ya watu wa Mwambao walitaka kujitenga. Ili ukanda ule uunganishwe na Kenya, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana Oktoba 1963 kwamba mahakama za Kadhi zitalindwa. Ndiyo maana ziliingia katika katiba ya uhuru, na zikakaa humo zaidi ya miaka arobaini bila Mkristo wa Bungoma au Nyeri kukosa usingizi. Kazi yake ni ndogo: ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kwa sheria ya Kiislamu, na hiyo ni pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele ya Kadhi. Katiba ya 2010 haikuongeza mamlaka hayo. Hata hivyo, Mei mwaka ule, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua katika kesi iliyofunguliwa na viongozi wa makanisa mwaka 2004 kwamba kuwekwa kwa mahakama hizo katika katiba ya zamani kulikiuka usawa wa dini. Uamuzi ulitoka katikati ya kampeni. Juni, gruneti zikalipuliwa katika mkutano wa maombi wa upande wa La katika bustani ya Uhuru Park, watu kadhaa wakafa, na viongozi wa makanisa wakailaumu serikali. Kama kuna wakati ambapo dini ingeweza kuamua kura ya Wakenya, ulikuwa huo.

Sasa tuutazame ushahidi ambao naona ndio mzito kuliko wote, yaani eneo lile lile katika kura tatu zilizofuatana. Katika kura ya maamuzi ya Novemba 2005, ile ya Ndizi kwa Ndiyo na Chungwa kwa La, rasimu ya katiba ya wakati huo ilikuwa na mahakama za kidini, za Kadhi zikiwemo. Mkoa wa Kati, wenye makanisa kila kona, uliikubali kwa zaidi ya asilimia 90, kwa kuwa Rais Mwai Kibaki aliitaka. Pwani, ambako Kadhi ana maana ya kila siku, iliikataa kwa wingi. Miaka miwili baadaye, Agosti 2007, Raila Odinga, akiwania urais, alitia sahihi mkataba wa maelewano na viongozi wa Kiislamu. Nakala ya bandia ikasambazwa ikidai kwamba ameahidi kuleta sharia, na viongozi wa kiinjilisti wakapaza sauti. Wakristo wa Bonde la Ufa, wengi wao wafuasi wa Africa Inland Church na makanisa kama hayo, walimpa Raila kura zao hata hivyo, kwa sababu William Ruto alikuwa bega kwa bega naye katika chama cha ODM. Ilipofika 2010, Raila na Kibaki walikuwa upande mmoja wa Ndiyo, na Ruto pamoja na rais mstaafu Daniel arap Moi walikuwa upande wa La. Mkoa wa Kati ukakubali tena, Kadhi akiwemo. Nyanza ikakubali kwa zaidi ya asilimia 90. Pwani, safari hii, ikakubali. Bonde la Ufa, lililomvumilia mgombea mwenye mkataba na Waislamu miaka mitatu tu nyuma, likawa mkoa pekee uliosema La. Imani haikuwa imebadilika kati ya 2007 na 2010, wala Biblia haikuongezwa ukurasa. Kilichobadilika ni mahali walipokaa wakubwa, na pamoja nao hasira juu ya kufurushwa kwa watu msituni Mau na hofu kwamba sura ya ardhi ya katiba mpya ingeweka kikomo cha ekari anazoweza kumiliki mtu.

Kuna pingamizi, na si dogo, kwamba bila mahubiri ile La isingefika hata milioni 2. Nakubali nusu. Mkoa wa Mashariki ulitoa La nyingi kuliko mikoa yote nje ya Bonde la Ufa, na huko hakukuwa na mwanasiasa mkubwa aliyeisimamia waziwazi. Kalonzo Musyoka, mkubwa wa huko na makamu wa rais wakati ule, alisitasita hadi watu wakamwita tikitimaji, kijani kwa nje na nyekundu kwa ndani, maana kijani ilikuwa rangi ya Ndiyo na nyekundu ya La. Pale mkubwa alipokuwa na miguu miwili, mchungaji alipata nafasi ya kusikilizwa, na mimbari inastahili kupewa haki yake kwa hilo. Lakini jambo hilo hilo linaieleza kanuni: sauti ya dini ilivuta kura mahali ambapo sauti ya siasa ilikuwa imekwama. Wengine husema kanisa lilikuwa limepoteza heshima baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, na kweli NCCK iliomba radhi Februari 2008 kwa kuegemea pande za kisiasa. Hoja hiyo ni ya kweli, ila inanisaidia mimi zaidi kuliko wanaoitoa. Makasisi wenyewe, walipotakiwa kuwa waamuzi, walikuwa wamegawanyika kwa makabila kama waumini wao. Kondoo ndio waliokuwa wakiwachunga wachungaji.

Pingamizi la pili ni kwamba kura ya maamuzi huhusu waraka, na mgombea ni kitu kingine. Basi tuwatazame wagombea walioomba kura kwa jina la imani. Askofu Pius Muiru, mhubiri wa televisheni aliyejaza mikutano ya uponyaji, aliwania urais mwaka 2007 na hakufikisha kura 10,000 katika nchi iliyopiga karibu milioni 10. Mohamed Abduba Dida, mwalimu aliyenukuu dini katika midahalo ya 2013 hadi watu wakampenda, alipata takriban 53,000, wakati Waislamu wa Kenya walikuwa zaidi ya asilimia 11 ya watu wote. Mwaka 2022, wakili na mchungaji David Mwaure aligombea kwa chama cha Agano, chenye jina la kimaandiko, akaishia na kura 32,000 hivi. Katiba yenyewe, kifungu cha 91, inakataza chama kujengwa juu ya msingi wa dini, na kabla yake serikali ya Moi ilikataa kukisajili chama cha Kiislamu cha IPK mwaka 1992. Lakini sheria si sababu ya Muiru kushindwa. Alikuwa na chama halali, na Jumapili alikuwa na watu.

Atatokea wa kuniuliza juu ya Ruto wa 2022, aliyezunguka makanisani wiki baada ya wiki na kuombewa na maaskofu kwa mafungu. Je, si dini iliyomweka Ikulu? Kampeni yake ilijaa maombi kuliko nyingine yoyote ya mgombea mkubwa, hilo halina ubishi. Lakini mpinzani wake hakuwa mpagani. Raila alikuwa Mwanglikana, na mwaka 2009 alibatizwa upya na mhubiri David Owuor, habari iliyojaza magazeti. Wagombea wote wawili wakiwa wanajulikana kanisani, dini haimchagui yeyote kati yao. Ruto alishinda kwa asilimia 50.49, na kilichomvusha ni Mlima Kenya, eneo lile lile lililomkatalia mwaka 2010 alipokuja na hoja ya mimba na Kadhi. Safari hii alikuja na Rigathi Gachagua kama mgombea mwenza na ahadi kwa mama mboga. Hapo tena ramani ya wakubwa ilisomeka vizuri kuliko orodha ya madhehebu.

Ni ndani ya ofisi na kumbi za Bunge ndipo hofu ya mimbari hufanya kazi yake. Baada ya katiba kupita, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa mwaka 2012 wa kupunguza vifo vinavyotokana na uavyaji mimba usio salama, kisha ikauondoa mwaka uliofuata. Ilibidi kesi ifike Mahakama Kuu, ikihusu msichana aliyebakwa akiwa na umri wa miaka 14 na ambaye baadaye alifariki kwa matatizo yaliyofuata utoaji mimba usio salama, ndipo majaji wakasema Juni 2019 kwamba wizara haikuwa na haki ya kuuondoa. Wakati huo utafiti wa wizara hiyo hiyo na kituo cha APHRC ulikuwa umekadiria kwamba mimba 465,000 hivi zilitolewa nchini mwaka 2012 pekee. Mswada wa afya ya uzazi wa Seneta Susan Kihika ulipofika katika Seneti, makanisa yaliupinga, maseneta wakalegea, na haukuwa sheria. Hakuna aliyepimwa debeni kwa jambo hilo. Mwanasiasa anajua kwamba akiutetea mswada kama ule hatapata kura mpya hata moja, na akiupinga hatapoteza. Basi hunyamaza, na kimya chake humpa askofu ushindi ambao mpiga kura hajawahi kumpa.

Kwa hiyo anayetaka kujua dini inaamua nini Kenya aache kuhesabu waumini siku ya kura, afuatilie miswada inayokufa kamatini. Vifungu vya 158 hadi 160 vya Kanuni ya Adhabu, vilivyoachwa na Waingereza na vinavyomtia jela mwanamke na anayemsaidia, vilibaki kitabuni baada ya katiba mpya kuanza kazi tarehe 27 Agosti 2010. Uchaguzi mkuu umefanyika mara tatu tangu wakati huo, 2013, 2017 na 2022, na hakuna mgombea urais wa muungano mkubwa aliyeomba kura kwa kuahidi kuvifuta, wala kwa kuahidi kuvikaza.